Sarafu zenye makosa ya kiwandani: maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu chenji ya mfukoni

Nina kaduka kangu Temeke, vitu vya kawaida tu, sukari ya kupima, sabuni, vocha, mafuta ya kula ya chupa ndogo, na jioni makonda wananiletea chenji niwabadilishie noti, kwa hiyo kabla sijafunga naweza nikapitisha sarafu mia tano mia sita mkononi. Nikaanza kuziangalia moja moja, mwanzoni kwa kupoteza muda tu, baadaye ikawa ugonjwa. Mtaa ulivyojua, basi kila mtu na sarafu yake, "Mangi hebu niangalizie hii, si ya mamilioni?" (mimi wala siyo Mchaga, ila ukiwa na duka Dar wewe ni Mangi tu, huna pa kukatia rufaa). Majibu ni yale yale kila siku, nimeona niyaweke sehemu moja.

Kosa la kiwandani maana yake nini hasa?

Ni sarafu iliyotoka kiwandani ikiwa tayari haiko sawa. Neno la kushika hapo ni TAYARI. Kama imepata shida baada ya kutoka, imekanyagwa na lori, imechomwa na jalala, fundi kaigeuza washa, mtoto kaiweka kwenye reli treni ikapita, hiyo imeharibika tu na thamani yake ni ile ile iliyoandikwa. Kwa zile ninazoletewa, karibu zote ni za kundi hili la pili. Sisemi kukukatisha tamaa, nasema usije ukanikasirikia nikikurudishia mia mbili yako.

Sasa nitajuaje kama imeharibikia kiwandani au mtaani?

Lazima ujue kwanza sarafu inavyotengenezwa, hakuna njia ya mkato.

Wanaanza na karatasi refu la chuma limeviringishwa kama mkeka. Mashine inalitoboa vile mama anavyokata maandazi kwa kikombe, yanatoka maduara matupu hayana picha wala namba. Maduara yanapashwa moto ili yalainike, yanaoshwa, yanapitishwa kwenye mashine ya kuyabana pembeni ili ukingo uinuke kidogo. Kama sarafu ni ya chuma kilichopakwa madini mengine, basi inapakwa hapo kabla haijagongwa. Halafu ndo inaingia kwenye mashine ya kugonga, mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu mmoja chini, na pembeni kuna pete ya chuma imeizunguka ili isitawanyike, hiyo pete wenyewe wanaiita kola. Pwa! Mara moja tu. Picha mbele, picha nyuma, na vijino vya pembeni kama vipo, vyote kwa pigo hilo hilo. Mashine za siku hizi zinagonga zaidi ya sarafu 700 kwa dakika, sasa piga hesabu, kitu kikikaa vibaya kwa nusu dakika tu zimeshatoka mia tatu na kitu zenye kosa lile lile.

Kwa hiyo ukishika sarafu ya ajabu jiulize, hiki kitu kingeweza kutokea kwenye duara tupu, au kwenye muhuri, au kwenye pigo? Ukishindwa kabisa kukipachika kwenye moja ya hizo tatu, basi imetokea mtaani.

Zinagongwa hapa hapa Tanzania?

Hapana. Hatuna kiwanda cha kugonga sarafu, wala Kenya hawana, zinaagizwa nje. Watu wengi hawajui, wanadhani kuna chumba pale Benki Kuu wanagonga. Kuna wakati wa Mjerumani sarafu ziligongwa bara kwetu na hiyo stori nitaisema chini, maana ni tamu.

Nahitaji vifaa gani kuanza?

Macho na mwanga wa pembeni. Usitumie taa ya juu moja kwa moja, inafuta vivuli, kaa dirishani asubuhi au washa tochi ya simu uilaze upande, hapo kila kitu kilichoinuka kinatoa kivuli. Lenzi ya fundi saa inasaidia, ya kukuza mara 5 hadi 10 inatosha, zaidi ya hapo unaanza kuona maajabu yasiyokuwepo. Simu janja nayo unaweza kuzumu ila kamera zingine zinalainisha picha zenyewe, zinakudanganya. Sumaku ndogo, ya spika mbovu inatosha. Na ukiwa na rafiki sonara mwenye mizani ya kupimia dhahabu basi wewe umemaliza.

Ila kifaa cha kwanza kabisa ni sarafu nzima kumi za aina hiyo hiyo na mwaka ule ule. Siwezi kusisitiza hili vya kutosha. Watu wanakuja na sarafu moja wanashangaa "mbona hapa kuna kinundu", nachukua zingine kumi kwenye kopo, zote zina kinundu, ndo mchoro wenyewe ulivyo.

Niangalie sarafu zipi?

Kwetu kwenye mzunguko zipo nne za maana, hamsini (yenye pembe saba, ina vifaru na Mzee Mwinyi), mia (swala na Mwalimu), mia mbili (simba na Mzee Karume), na jero ya nyati ambayo nayo ina Karume, hiyo imekuja 2014 baada ya noti za mia tano kuchakaa mpaka unashika kama kitambaa cha kupigia deki. Shilingi tano, kumi na ishirini mtaani hata ukimpa mtoto hazioni kama hela.

Mimi nafanya hivi. Namwaga kwenye sinia, nazigeuza zote upande wa kichwa, nazipitisha haraka haraka bila kusoma, nasubiri jicho ligome lenyewe. Halafu nazigeuza zote upande wa mnyama. Halafu nazipanga kwenye mstari kama biskuti naangalia ukingo, hapo inayojitokeza kwa upana au wembamba unaiona palepale. Dakika ishirini sinia nzima. Ukianza kukagua moja moja kwa lenzi tangu mwanzo utalala saa nane.

Sarafu yangu nikiigeuza mnyama anakuwa kichwa chini, ni kosa?

Hili swali nalipenda. Ishike sarafu kwa vidole viwili, kimoja juu kimoja chini, kichwa cha mtu kikutazame kimesimama wima. Sasa izungushe kama unafungua mlango. Upande wa pili nao unatakiwa usimame wima. Sarafu zetu na za Kenya ndo ziko hivyo, tumerithi kwa Mwingereza. Ikitokea mnyama kalala ubavu au kasimama kwa kichwa, muhuri mmoja ulilegea ukazunguka kwenye mashine, hilo ni kosa halali la kiwanda. Kwa kadiri mzunguko unavyokuwa mkubwa ndo inavyonoga, ikifika nyuzi 90 au 180 iweke pembeni. Ikiwa imeinama kidogo tu, kama saa inayoonyesha saa sita na dakika mbili, achana nayo, hizo ni nyingi.

Angalizo, wenye ndugu Marekani msije na senti za dola mkaniambia zimepinduka. Za Marekani zimetengenezwa makusudi hivyo, za kugeuza kwa kupindua kama chapati.

Lingine kuhusu hili hili. Uingereza kabla hawajabadilisha pauni moja, ile ya duara, walikuwa na feki nyingi sana, ilifikia karibu moja kati ya kila 30 kuwa feki, na moja ya dalili za kuitambua feki ilikuwa hiyo hiyo, pande mbili haziko sawa. Wakaitoa kabisa Oktoba 2017 wakabaki na ya pembe 12. Kwa hiyo iliyozunguka siyo lazima iwe bahati, inaweza kuwa imegongwa na mtu chumbani kwake. Pima uzito kwanza.

Imekatwa kipande pembeni kama imeng'atwa, hiyo vipi?

Inawezekana kabisa. Ile mashine ya kutoboa maduara, chuma kisiposogea vizuri inatoboa juu ya tundu la mwanzo, duara linatoka limeng'atwa kama mwezi. Lakini sasa na mtu mwenye msasa na dakika kumi anaweza kuitengeneza hiyo hiyo, kwa hiyo kuna kipimo. Tazama upande wa PILI, mkabala kabisa na palipong'atwa. Kama ni kosa la kweli ukingo wa pale utakuwa umefifia, haujainuka vizuri kama sehemu zingine, kwa sababu wakati duara linabanwa pembeni lile pengo halikuwa na kitu cha kusukumana nacho, na upande wa pili ukakosa shinikizo. Halafu picha iliyo karibu na pengo inakuwa kama imevutwa kuelekea huko, chuma kilitiririka. Ya kukata kwa tupa pengo lina kona kali, ina michirizi ya tupa, na ukingo wa upande wa pili umenona kama kawaida.

Kuna kijana wa bodaboda aliniletea mia mbili imeng'atwa vizuri mno, duara safi, nikamwambia aiache nimpe elfu tano kesho yake. Usiku naikagua, ukingo wa upande wa pili uko imara, na ndani ya pengo kuna rangi mbichi inayong'aa wakati sarafu yote imefubaa. Kesho yake nikamrudishia. Akacheka akasema "Mangi nilijua tu utaigundua", sijui kama alijua au alijitetea.

Maandishi yanaonekana mawili mawili!

Tulia. Hapa ndo watu wengi wanapotea, na mimi nilipotea karibu mwaka mzima, nilikuwa na kopo zima la "mbili mbili" nikidhani nimetajirika.

Kuna udabali wa kweli na udabali wa mtikisiko. Wa kweli uko kwenye muhuri wenyewe, wakati wa kuutengeneza mchoro ulikandamizwa mara mbili na ya pili haikukaa palepale, kwa hiyo kila sarafu iliyogongwa na muhuri huo inatoka hivyo. Ukiangalia kwa lenzi unaona herufi mbili kamili, zote zimenona, zote mviringo kwa juu, na kwenye miisho ya herufi kuna kama mpasuko mdogo panapoachana. Wa mtikisiko ni muhuri ulicheza kidogo baada ya pigo ukaikwaruza herufi iliyokwisha toka, hapo unaona kama ngazi, kitu bapa kimelala chini pembeni ya herufi, na herufi yenyewe imekonda badala ya kunenepa. Mtikisiko hauna thamani.

Na kwenye sarafu za kupakwa kuna mchezo wa tatu, rangi ya juu inapasuka kuzunguka herufi inaacha mstari mweusi au wa kijivu, kwa mbali ni kama kivuli cha herufi. Wala siyo udabali.

Wa kweli uliovuma duniani ni senti moja ya Marekani ya 1955, ya Lincoln. Hiyo huhitaji lenzi, tarehe na maneno yanaonekana mawili kwa macho makavu kama umevaa miwani ya mtu mwingine. Ziligongwa Philadelphia, walipogundua zilikuwa zimeshachanganyika na mamilioni ya nzima, wakaona kuliko kuyeyusha zote bora zitoke tu. Zilizotoka zinakadiriwa 20,000 hadi 24,000, na nyingi watu walizipata kwenye pakiti za sigara za mashine, maana sigara ilikuwa senti 23 mashine inakula 25, chenji ya senti mbili inafungwa humo humo na pakiti.

Kuna mstari umeinuka unakatiza uso wa mtu.

Pitisha ncha ya kijiti cha meno, taratibu. Kikikwama kwenye kitu KILICHOINUKA, muhuri ulipasuka, chuma cha sarafu kikaingia kwenye ule ufa. Kikizama, ni mkwaruzo wa mtaani. Kanuni ni moja tu na inakusaidia kwenye mambo mengi, muhuri ni kinyume cha sarafu, kovu la muhuri linatoka kwenye sarafu kama kinundu. Nyufa ndogo ni za kawaida, muhuri unapiga mamia ya maelfu ya sarafu lazima uchoke. Ila ufa ukizunguka ukafika ukingoni kipande cha muhuri kikadondoka, sarafu inatoka na donge nene tupu pembeni limemeza herufi, hilo donge ni zuri.

Herufi imepotea, au tarehe haipo.

Mara nyingi ni uchafu. Grisi na vumbi la chuma vinajaa kwenye tundu la herufi ya muhuri, chuma hakina pa kuingia. Wamarekani walitoa robo dola ya jimbo la Kansas mwaka 2005, kwenye zingine herufi T ya "In God We Trust" ikaziba, ikabaki "In God We Rust", yani badala ya kumtumaini Mungu wakawa wanashika kutu na Mungu. Watu walicheka sana.

Kwetu nakutana sana na namba za mwaka zilizofifia, ila asilimia kubwa ni kusagika tu, sarafu imezunguka miaka kwenye mifuko ya makonda wanaozitingisha kutwa nzima. Namna ya kutofautisha, ikisagika inasagika yote, pua ya mtu, pembe za mnyama, vyote bapa. Kama herufi moja tu haipo na jirani zake wamenona, hapo weka pembeni.

Halafu kuna kosa la mtu siyo la mashine. Chile mwaka 2008 waligonga sarafu za peso 50 zimeandikwa CHIIE, jina la nchi yao wenyewe, kama milioni moja na nusu hivi zikaingia mtaani, mpaka mkurugenzi wa kiwanda akapoteza kazi. Mimi naona walimwonea kidogo, maana kabla yake mlolongo mzima wa watu uliiangalia hiyo L na haukuiona.

Sarafu mbili za thamani moja, rangi tofauti. Nimepata?

Kabla hujaruka, jua kwamba benki kuu zinabadilisha madini kila baada ya muda. Shilingi moja ya Kenya ya kati ya miaka ya 90 ina rangi ya shaba ile ya manjano, ya 2005 ni nyeupe, zote halali. Lete sumaku. Chuma kilichopakwa kinashika sumaku, nikeli iliyochanganywa na kopa haishiki. Ukikuta sarafu ya mwaka na aina inayoshika, halafu yako moja haishiki, na uzito nao umetofautiana, hapo kuna uwezekano duara la sarafu nyingine liliingia kwenye mashine isiyo yake. Hayo ndo makosa ya pesa ndefu. Senti ya Marekani ya 1943 ilitakiwa iwe ya chuma maana kopa ilikuwa inaenda vitani, chache zikagongwa kwenye maduara ya shaba yaliyobaki, moja hiyo unanunua nyumba.

Ila mia yetu ikiota wekundu au kutu kwa pembeni, hiyo ni rangi ya juu imechubuka, chuma cha ndani kimechungulia. Ikiwa imekuwa nyeusi na zambarau imepita motoni. Naletewa hizo kila wiki.

Jero yangu ina maandishi yanayobadilika nikiigeuza.

Jamani. Hiyo ni alama ya usalama, imewekwa makusudi, ukiielekeza hivi unaona 500 ukiielekeza vile unaona BOT. Zote zinayo. Yako ISIPOKUWA nayo ndo uje unigongee hata saa sita usiku.

Niko Kenya, nianzie wapi?

Nyie mna bahati kuliko sisi, sarafu zenu za bob 5, 10 na 20 ni za metali mbili, pete ya nje na kitovu cha ndani, na hizo zina makosa yake ya ziada. Kitovu kimekaa upande kikapanda juu ya pete, au kitovu kina uwazi unaona mwanga ukipita, au pete imegongwa bila kitovu kabisa. Kipimo ni picha. Kama kitovu hakikuwepo wakati wa kugonga, chuma cha pete kinakuwa kimetiririka kuelekea ndani kwenye tundu, mdomo wa tundu umevimba. Kama mtu kakigonga kikatoka kwa nyundo, tundu ni safi lina kona kali na picha zimekatwa kama kwa kisu. Nimeona pete nyingi za namna hiyo mikononi mwa watoto.

Na tafadhali, sarafu zisizo na sura ya rais, zile za twiga, kifaru, simba na tembo, siyo kosa. Katiba ya 2010 kifungu cha 231 imekataza sura ya mtu yeyote kwenye hela, zikatoka mpya Desemba 2018. Na ile ya bob 40 yenye Kibaki ya 2003 nayo siyo kosa ingawa namba yake ni ya ajabu, ilikuwa ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru.

Dada yangu yuko Uingereza, aangalie nini?

Peni 20. Mwaka 2008 walibadilisha michoro, tarehe ikahamishwa kutoka nyuma kwenda mbele, mtu akachanganya muhuri wa mbele wa zamani na wa nyuma mpya, zikatoka zisizo na mwaka popote. Ilikuwa zaidi ya miaka 300 hawajawahi kutoa sarafu isiyo na tarehe. Uzuri wake haihitaji utaalamu, geuza huku geuza kule, mwaka haupo, basi. Akipata aiweke ndani ya plastiki asije akainunulia chipsi.

Zinauzwa bei gani hapa Bongo?

Nitakuambia ukweli hata kama utaniona nina roho mbaya. Soko la makosa ya sarafu zetu karibu halipo. Wakusanyaji wapo wachache, wengi wanataka za zamani siyo za makosa. Mimi nimeuza moja tu tangu nianze, mia imegongwa pembeni, nusu ya Mwalimu ipo nusu ni chuma kitupu, mzungu mmoja mpita njia alinipa elfu thelathini na nadhani alinipiga. Bei inatokana na watu wawili kugombania kitu, sasa kama wewe peke yako ndo unakitaka, bei ni shilingi mia.

Kwa hiyo ukiona video mtu anasema jero ya mwaka fulani anainunua milioni kumi, muulize anaishi wapi umpelekee mkononi. Atakuambia kwanza utume ada ya usajili, au ya cheti cha uhakiki. Hapo ni utapeli ule ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tu, umevaa koti jipya.

Na rupia ya Mjerumani je?

Siyo chenji ya mfukoni ila najua utauliza. Watu wameuza viwanja kutafuta rupia za miujiza, zinazovuta mchele, zinazozima tochi. Huo utapeli simo.

Lakini stori niliyokuahidi ni hii. Vita ya kwanza, Mjerumani kazingirwa na meli za Mwingereza, sarafu haziingii, wanajeshi na wapagazi wanadai. 1916 wakaanza kugonga wenyewe kwenye karakana ya reli pale Tabora. Heller 5, heller 20 (heller ndo zilikuwa senti za rupia), na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zilitoka 16,198. Sasa zile heller 20 ndo shule ya makosa ya sarafu. Mihuri ilichongwa kwa haraka, metali ni chochote kilichopatikana, zingine kopa zingine shaba ya manjano, taji kubwa, taji dogo, mkia wa herufi L umechongoka au umejikunja, nyufa, pande mbili haziko sawa, zimegongwa pembeni. Chini ina herufi T, Tabora. Moja nilionyeshwa na mzee wa Kihaya mwenye duka la vitenge, imevaa kama kifungo cha koti, mpasuko wa muhuri umekatiza namba 20 kutoka kushoto mpaka ukingoni, umeinuka, nikaupitishia kucha. Miaka mia na zaidi, na ule ufa wa siku hiyo karakanani bado unakwamisha kucha. Hakuniuzia.

Niisafishe kwanza ndo nikuletee?

USISAFISHE. Limao hapana, dawa ya meno hapana, majivu hapana, steelwire ndo kabisa. Mimi nilishaiua moja kwa kuisugua na dawa ya meno, mia mbili ya pande zisizolingana, ilitoka inang'aa kama kijiko cha harusi na mikwaruzo elfu moja, na mkusanyaji aliponiona naitoa mfukoni kwa fahari akasema tu "aaah, umeisafisha" akairudisha mezani. Kama ina tope, maji ya kawaida, ikauke yenyewe, basi. Ishike kwa ukingo usiigandamize vidole usoni, na iweke kwenye karatasi kavu au kifuko kidogo cha plastiki laini, siyo kwenye kopo na wenzake.

Kuna shida ya kisheria kuwa nazo?

Kuwa nayo siyo kosa, ni hela yako. Kuitengeneza kosa makusudi ndo shida, kuikwangua, kuipunguza, kuitoboa, Kanuni ya Adhabu ina sehemu nzima ya makosa ya sarafu. Na ukimuuzia mtu uliyoitengeneza mwenyewe kwa jina la kosa la kiwanda unaongeza utapeli juu yake. Kuna wanaobana sarafu mbili kwenye jiriwa mpaka picha ya moja inaingia kwenye nyingine ikiwa imepinduka, wanasema ni kosa la nadra. Geuza nyuma, utakuta pamebondeka.

Wewe mwenyewe hasa umewahi kupata ipi?

Ukiacha ile niliyoiuza na ile niliyoiua kwa dawa ya meno, nne tu kwenye kopo la "halisi", tangu nianze. Mia mbili ya simba walioegemea kama nyuzi arobaini hivi. Hamsini yenye donge limemeza kona moja ya maandishi. Mia yenye udabali kwenye namba, huo bado nabishana nao mwenyewe. Na duara tupu moja, saizi ya mia, halina picha wala neno, ukingo umeinuka vizuri, konda aliniletea akiomba msamaha, eti abiria kamwingiza mjini kwa chuma kisicho hela. Nikampa mia yake nzima. Mpaka leo akipita anapiga honi.